Mnyama Aitwaye Amam

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa kumi na moja.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima, umeshiba, na umevaa soksi. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema umeanza kukuuma kwa kuwainua wagonjwa. Je, umeomba usaidiwe, au bado unajifanya chuma? Na kikohozi? Na yule mwenzako wa chumbani anayekoroma, amehama au bado anapasua mbao? Nijibu moja baada ya jingine, usije ukaniandikia "yote salama" kama kawaida yako, maana hilo "yote salama" lako nimelichoka.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua. Akipanda ngazi linauma, akishuka ni mzima kabisa, sijui ni ugonjwa gani huo unaochagua njia. Kibibi wako hajambo. Ameng'oka jino la juu na sasa anapiga mluzi bila kukusudia kila akitamka neno lenye "s". Mimi mwili sijambo. Akili ndiyo sina hakika nayo, na kwa sababu hiyo nakuandikia.

Unajua kwa nini naandika wala sipigi simu. Kwenye simu binti yako yuko ubavuni mwangu muda wote, kidevu chake begani pangu, anakuangalia kwenye kile kioo. Siwezi kusema neno. Na swali uliloniuliza si la kujibiwa mbele yake. Umeletewa mkataba wa miaka miwili mingine, na unatakiwa uwe umesaini kabla mwezi huu haujaisha. Ukaniandikia ujumbe: "Dada, wewe ndiye unayeishi naye. Niambie ukweli. Kama ameshazoea, nasaini. Kama hajazoea, narudi." Halafu mwishoni ukaweka alama ya moyo. Kwamba moyo mmoja mwekundu unatosha kumtwisha mtu mzigo wa namna hiyo! Ahsante sana, mdogo wangu.

Hata hivyo nilikujibu, tena upesi. Barua niliiandika, nikaikunja, nikaifunga kwenye bahasha. Ilisema: amezoea, saini. Bahasha hiyo nimeichana Alhamisi. Kabla hujaniuliza kwa nini, itabidi uvumilie habari za wino na mpira, kwa sababu jibu lako lilitokea huko na siwezi kulitenganisha.

Mwanzo wake ni mdomo wangu. Mkutubi wa maktaba ya mtaani alikuja dukani kutaka muhuri wa kupiga kwenye vitabu, akanikuta nimeinama nachonga, akasimama kutazama. Akasema, "Watoto wangekipenda sana hiki kitu." Mtu mwenye akili angejibu "ndiyo, wangekipenda," akaendelea na kazi yake. Mimi nikasema, "Niletee, nitawafundisha." Sasa huu ni mwezi wa pili, kila Jumamosi asubuhi niko kwenye chumba cha nyuma cha maktaba na watoto kumi na wawili, visu kumi na viwili vifupi, na wino usiojua adabu. Binti yako ni mmoja wa hao kumi na wawili.

Wewe umekua ukiniona nachonga mihuri, kwa hiyo huna haja ya kuelezwa. Nitakueleza tu, kwa sababu nimewaeleza wale watoto mara arobaini na ulimi umezoea. Unachukua kipande cha mpira. Unachora juu yake, unachonga, unapaka wino, unabandika karatasi juu. Unachokikata, hakitoki kwenye karatasi. Unachokiacha, ndicho kinachotoka. Na chochote kitakachotoka kitakuwa kimegeuka, cha kushoto kimekwenda kulia. Basi, hakuna zaidi. Shemeji yako alielewa mara moja, na unamjua shemeji yako.

Lakini watoto! Wanakata wanachotaka kibaki, wanaacha wanachotaka kiondoke, halafu wanakuja kwangu na uso wa huruma: "Mama Mkubwa, nirudishie jicho." Nilirudishe wapi? Jicho limeshakuwa unga liko sakafuni. Ndiyo, wote wananiita Mama Mkubwa, wamemwiga Kibibi. Nimekuwa dada wa mama zao wote bila kuulizwa.

Nilianza vibaya, nakubali. Siku ya kwanza niliwaambia wachonge ng'ombe. Ng'ombe kila mtu anamjua, kwa hiyo kila mtu ana la kusema. "Huyo mbona mbwa?" "Huyo meza." Watatu walilia, mmoja akala kifutio. Jumamosi iliyofuata nikabadili: kila mtu achonge mnyama ambaye hayupo duniani. Nikajiona mjanja. Mnyama ambaye hayupo hana wa kumsuta, masikio hata yakikaa tumboni, nani atabisha? Kila mnyama awe na jina lake limechongwa chini, kwa herufi kubwa, kwa kuwa mistari iliyonyooka ni rahisi kukata. Na kila mnyama awe na kikaratasi chenye majibu matatu: anakula nini, analala lini, anatokea lini.

Hapo nikawa nimefungulia maji. Kuna mvulana mmoja tunamwita Bosi, kwa sababu hajawahi kuchukua kitu mwenyewe kama kuna mtu wa kumtuma. Huyo akachonga Panyoka, nusu panya nusu nyoka, anayekula waya za umeme na kulala wakati wa hesabu. Kuna msichana tunamwita Chiriku, na jina hilo amelipata kwa haki. Huyo akachonga Samakuku, samaki mwenye manyoya anayetaga mayai kwenye ndoo ya mtu bila ruhusa. Chumba kizima kikawa kelele za kuunganisha wanyama. Na kila baada ya dakika kumi mlango unafunguliwa kidogo, kichwa cha mkutubi kinaingia: "Shii!" Watoto wameshambatiza Bi Shii. Anakagua sakafu, anakagua meza, ananiletea magazeti mengine ya kutandika juu ya magazeti niliyokwisha kutandika. Siku moja alikuta alama ya kidole cheusi kwenye kamusi, akaibeba ile kamusi kama mgonjwa, akaja kunionyesha mbele ya wanafunzi wangu. Nilimwambia alama moja haiui kamusi. Hatukusemeshana hadi saa tano.

Vijiko vyetu vyote navyo vimehamia huko, maana mashine hatuna, tunasugua karatasi kwa mgongo wa kijiko. Shemeji yako anakoroga chai kwa mpini wa uma. Anakoroga tu, ananitazama.

Basi Bosi akawa wa kwanza kuchapa. Nilikuwa nimesema, nikarudia, nikaandika ubaoni: jina lichongwe kinyume, lianzie kulia, ndipo litoke sawa. Yeye akachonga PANYOKA wima kama anavyoandika daftarini. Alipobandua karatasi, jina lilitoka limegeuka lote, P imetazama nyuma, N na K zimepinda kama zimelewa. Akaniambia wino ni mbovu. Wino! Nilimwambia wino huo umepiga mihuri ya watu wenye vyeo na haujawahi kulalamikiwa. Akanijibu, "Labda hawakuangalia vizuri." Nikaona bora nikanywe maji.

Sasa nije kwa binti yako.

Kibibi alikaa mwisho wa meza kama kawaida yake, mkono wa kushoto ameuzungusha kwenye kazi yake kama anayeficha mtihani. Jumamosi tatu mfululizo hakusema lolote, kimya kama maji ya mtungini. Nikipita anafunika. Nilipofanikiwa kuona, nikaona mnyama wa ajabu kweli: uso mkubwa, sikio moja kubwa kupita uso wenyewe, mdomo wazi, mistari mistari imempita usoni kama nyufa, na uso wote huo ameufungia ndani ya kisanduku. Nikaanza ualimu wangu. Mbona umemwekea mpaka pande zote? Tumia nafasi yote. "Ndivyo alivyo," akasema. Mbona ameishia mabegani? Miguu yake iko wapi? "Haionekani."

Nilimwambia huo ni uvivu. Miguu ni kazi ngumu kuchonga, vidole ndiyo kabisa, na nimeshakutana na visingizio vya kila aina. Akanitazama, akarudi kwenye kazi yake. Mdogo wangu, niliyasema hayo kwa mdomo huu huu.

Kikaratasi chake nacho nilikisoma kwa sauti mbele ya wote, nikijivunia. Anakula nini? "Ukimuuliza anasema ameshakula." Analala lini? "Sisi tukiamka." Anatokea lini? "Jumapili, kama mtandao upo." Watoto walicheka mpaka Bi Shii akaingia mwili mzima. Mimi nikacheka zaidi yao. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana kipaji, amemtoa wapi mnyama huyu?

Halafu akachapa. Alipobandua karatasi, chini ya mnyama palisomeka AMAM. Herufi safi, zimesimama vizuri, hakuna hata moja iliyopinda. Nikaishika juu wote waone. Nikasema, "Mnaona? Huyu ndiye amesikiliza. Amechonga kinyume, jina limetoka wima." Chiriku akataka kujua Amam ni nani na nani, kwa maana ya wanyama gani wawili wameunganishwa. Kibibi akasema, "Ni mmoja tu." Nikampigia makofi kwa hilo pia, kwamba wenzake wote wameungaunga majina, yeye ametunga jina jipya kabisa. Wote wakaanza kuliimba: Amam, Amam. Hadi nje ya geti waliimba. Yeye alitembea mbele yangu hadi nyumbani, hakuimba.

Siku hiyo hiyo, baada ya chakula, nilikaa nikakuandikia ile barua. Niliandika kwamba mtoto amechangamka, ana marafiki, anatunga vitu vya kuchekesha darasa zima, na kwamba mtoto mwenye jeraha hawezi kuchekesha watu namna hiyo. Niliandika kwamba siku hizi hata haulizi unarudi lini. Hilo ni kweli, haulizi. Niliandika: amezoea, saini kwa amani. Nikaitia bahasha kwenye mkoba niipeleke posta, na kwa sababu ya kazi za dukani ikakaa humo hadi Alhamisi. Mara moja katika maisha yangu uzembe umenisaidia.

Alhamisi nilikwenda maktaba kupanga maonyesho. Bi Shii ameamua picha zitundikwe kwenye ukumbi wa mbele, na chini ya kila picha uwekwe ule mpira uliochongwa, ili wageni waone kazi ilivyofanyika. Wazo zuri, nakiri, ingawa sikumwambia. Mimi nilikuwa nasoma majina, yeye anaandika vibandiko kwa ule mwandiko wake wa kupima kwa rula. Panyoka. Samakuku. Nikachukua mpira wa Kibibi, nikausoma: Amam. Nikampa aupange.

Akaushika, akautazama, kalamu ikabaki hewani.

"Umesema huyu anaitwa nani?"

"Amam."

"Hapa pameandikwa Mama."

Nilimwambia, kwa ule upole wa mtu aliyechoka, kwamba mpira hausomwi hivyo. Mpira husomwa kutoka kulia, mama, hii ni kazi yangu. Yeye akanigeuzia ule mpira usoni, akapitisha kidole chake chini ya herufi, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anavyowafundisha watoto wadogo kusoma. M. A. M. A. "Mimi sijui kazi yako," akasema. "Lakini mtoto hajui pia. Mtoto ameandika mama."

Mdogo wangu, miaka ishirini na moja nachonga mihuri. Jicho langu likiona mpira linaanza kusoma kutoka kulia, silitumi, linakwenda lenyewe. Niliushika mpira ule mara ngapi? Niliupaka wino, niliuosha, niliukausha kwa kitambaa, na kila mara niliusoma Amam. Herufi za Bosi zilimsaliti, maana P na N na K zikigeuka hata kipofu anajua. Lakini M ukiigeuza ni M, na A ni A. Kilichogeuka ni mpangilio tu. Kibibi hakuchonga kinyume. Hakunisikiliza hata kidogo, alichonga wima kama Bosi, akaandika alichotaka kuandika, na karatasi ikamgeuzia. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mimi sikushindwa kujinyoa tu, nilijikata masikio.

Kisanduku ni simu. Nyufa ni kile kioo chetu kilichopasuka, ambacho shemeji yako anasema atakibadilisha tangu mwaka jana. Sikio kubwa ni kwa sababu kila Jumapili unasema "hebu sema tena, sikusikii." Ukimuuliza anasema ameshakula. Nami nilisimama mbele ya watoto kumi na mmoja nikawasomea hayo ili wacheke.

Nilikaa kwenye kile kiti cha watoto, magoti yamenifika kidevuni, nikalia. Bi Shii alifunga mlango wa ukumbi, akaniletea glasi ya maji, akaiweka juu ya gazeti. Hata wakati huo aliiweka juu ya gazeti. Lakini hakusema shii.

Kibibi aliporudi kutoka shule nilikuwa jikoni naosha rola ya kupakia wino. Sikujua nianzie wapi, nikaanza kama mjinga: "Nimeona jina la mnyama wako ni Mama." Akachukua kitambaa akaanza kukausha rola niliyoiosha. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kwa nini hakunirekebisha siku ile. Unajua alinijibu nini? "Wote mlikuwa mmefurahi."

Angalia hilo jibu. Nimelifikiria tangu Alhamisi. Nani aliyemfundisha mtoto wa miaka tisa kunyamaza ili watu wazima waendelee kufurahi? Nilikukasirikia wewe kwanza, kwa kuwa uko mbali na ni rahisi. Halafu nikakumbuka ni nani anayemwambia kila Jumapili kabla ya simu, "mchangamkie mama yako, amechoka, usimlilie." Ni mimi. Kwa hiyo ukisoma hasira katika barua hii, igawe sawa, nusu yako na nusu yangu.

Nilimuuliza kama anataka kuchonga jina upya, nimfundishe kuligeuza. Akasema jina liache. Anachotaka ni miguu. Akaleta mpira, akanionyesha chini ya mabega, akauliza miguu inaongezwaje. Hapo ilinibidi nimweleze jambo ambalo hakuna mwanafunzi wangu anayelipenda, kwamba pale palipokatwa hapaongezwi kitu. Mpira umekwisha hapo, ni shimo. Akitaka mnyama mwenye miguu lazima aanze kipande kingine, tangu kichwani. Nilidhani atanuna. Akasema, "Basi nipe kikubwa."

Nikampa kipande kikubwa kuliko vyote dukani, kile cha mihuri ya makampuni. Akakaa mezani na penseli. Akachora uso, haraka, anaujua. Akachora mikono. Alipofika chini akasimama. Akaniuliza, "Mama Mkubwa, mama ana miguu ya namna gani?"

Mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja miaka kumi na mitatu. Umenipiga mateke usingizini tangu ukiwa na meno ya utoto. Miguu yako naijua kuliko yangu. Lakini miguu utaielezaje kwa maneno? Mwishowe nikasema, "Kama yangu." Akainama chini ya meza. Akaitazama miguu yangu muda mrefu, vidole, visigino, kila kitu, kama fundi viatu. Akainuka akasema, "Hapana. Hiyo ni ya Mama Mkubwa." Akafuta mikono yake kwa sketi, akaenda kucheza.

Kwa hiyo jibu lako hili hapa. Uliniuliza kama amezoea. Hajazoea. Amenyamaza. Ni vitu viwili tofauti, nami mwenyewe nilivichanganya hadi Alhamisi hii. Najua hukai huko kwa starehe, na najua ada ya shule yake inatoka kwenye huo mgongo wako. Sikuamulii. Ukiona ni lazima kusaini, saini, lakini usisaini kwa sababu dada yako alikuambia mtoto amezoea, kwa kuwa dada yako alisoma kinyume.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema ukija uje na vijiko. Shangazi yetu anakusalimu, macho yake yamepata nafuu baada ya kupasuliwa, sasa anaona vumbi lote la nyumba yangu na kulitaja. Binamu yetu fundi cherehani anakusalimu, mtoto wake wa pili ameanza kutembea. Msalimie na wewe mwenzako wa chumbani, mwambie alale ubavu. Kibibi hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina, na sitazitunga. Nakala moja ya picha ya Amam nimeikunja humu ndani. Uishike kwa uangalifu, wino wake unachelewa kukauka.

Kile kipande kikubwa bado kiko juu ya meza ya jikoni. Uso umo, mikono imo, chini hapajaguswa. Jana nilikisogeza ili niandae chakula, akakirudisha palepale. Nikamwambia achore miguu yoyote tu, si mnyama asiyekuwepo? Akasema, "Huyu yupo." Anasubiri kuiona. Na usitume picha ya miguu. Nakujua.

Mungu aulinde mgongo wako, na njia yako, yoyote utakayoichagua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikasirika,

Mama Mkubwa wa Kibibi.